Kamera za msikiti na programu iliyoachwa



Miaka kadhaa nyuma tulichanga pesa msikitini kwetu tukafunga kamera za usalama. Juzi zikaanza kusumbua, tukaita fundi. Akaipekua rekoda, akatikisa kichwa: "Chombo ni kizima. Kilichooza ni programu." Kuna mtu wa nje alikuwa akiingia humo kupitia intaneti, na kampuni iliyotuuzia ilishaacha kurekebisha programu yake.

Imamu akaniuliza, "Mwanangu, kitu kizima kinaoza vipi?"

Nilimjibu hivi. Ndani ya rekoda, ruta au king'amuzi mna kompyuta ndogo, na mara nyingi inaendeshwa na Linux, programu huria aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991. Toleo jipya la kiini cha Linux hutoka kila baada ya miezi miwili hivi. Machache huteuliwa yatunzwe kwa muda mrefu, nayo huanza na ahadi ya miaka miwili. Baadhi yameongezewa hadi sita. Mtengenezaji huchukua toleo moja, akalibadilisha lifae kifaa chake, kisha akauza. Toleo hilo likiachwa, kuziba matundu ni juu yake mwenyewe. Wengi hawajishughulishi, kwa kuwa pesa wameshachukua.

Na matundu hujificha. Kasoro iitwayo Dirty COW iligunduliwa 2016, kumbe imo ndani ya Linux tangu 2007. Mwaka huo huo wa 2016, Mirai iliteka kamera na ruta nyingi mno, kwa kutumia nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadilisha.

Si kwamba haiwezekani. Mradi wa Civil Infrastructure Platform, ulio chini ya Linux Foundation, hutunza matoleo maalumu kwa miaka kumi au zaidi, kwa ajili ya mitambo kama ya umeme na reli. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria mwaka 2024 inayowataka watengenezaji wazibe matundu kwa muda ambao kwa kawaida usipungue miaka mitano.

Basi kabla ya kulipa, muulize muuzaji: programu itarekebishwa hadi mwaka gani, na nani atakuja kuiweka? Akibabaika, tafuta duka jingine. Ukishafunga, badilisha nywila siku hiyo hiyo.

Rekoda yetu tumeichomoa kwenye intaneti. Inanasa picha humo humo ndani tu. Kamati inachanga upya. Pesa za msikiti ni amana, na safari hii swali la mwaka litaulizwa kwanza.