Kumbukumbu ya Kompyuta Inapoharibika, Kerneli Ifanye Nini?

Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL, lilifikisha intaneti ya kasi Horombo, kambi ya njia ya Marangu kwenye Mlima Kilimanjaro iliyo mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Kabla mwaka haujaisha, mawasiliano yakafika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Wapagazi na waongozaji wakapata njia ya haraka ya kuita msaada. Vifaa vya kielektroniki navyo vikaenda kufanya kazi mahali ambapo hewa ni nyepesi na chembe zitokazo anga za mbali ni nyingi kuliko kule Moshi mjini, kwenye mita 800 na ushei.

Chembe hizo ndizo alizokutana nazo Victor Hess, Mwaustria aliyepaa kwa puto Agosti 1912 hadi kupita mita 5,000. Aliona mionzi ikizidi kadiri alivyopanda, na ugunduzi huo ukampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1936. Leo tunajua kwamba nyutroni moja itokanayo na mionzi hiyo ikigonga kipande cha silikoni inaweza kugeuza 0 kuwa 1. Watafiti wa IBM walipeleka kumbukumbu za kompyuta Leadville, mji wa milimani Colorado ulio zaidi ya mita 3,000, wakakuta makosa mengi kuliko kwenye miji ya chini. Walipoziweka chini ya miamba, makosa ya aina hiyo yakakoma karibu kabisa. Kilimanjaro ina nafuu moja: iko karibu na Ikweta, ambako sumaku ya dunia huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo.

Biti moja, yaani 0 au 1 moja, si kitu kidogo. Tuseme mtoto ana uzito wa kilo 18 na namba hiyo imekaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta ya hospitali. Biti ya thamani ya 64 ikigeuka, kilo 18 zinakuwa 82, na dozi ya dawa hupigwa kwa uzito. Mei 2003, katika uchaguzi wa Ubelgiji, mgombea mmoja wa Schaerbeek alipata kura 4,096 za ziada, nyingi kuliko zilizowezekana. Sababu ya hakika haikupatikana, ila 4,096 ni thamani kamili ya biti moja, na wachunguzi wakaelekeza shaka yao huko.

Hata hivyo, tusiitupie anga lawama zote. Mwaka 2009 mtafiti Bianca Schroeder na wenzake wawili wa Google walichapisha matokeo ya kufuatilia maelfu ya seva kwa zaidi ya miaka miwili. Takriban theluthi moja ya mashine zilipata angalau kosa moja la kumbukumbu kwa mwaka, na dalili zilionyesha kwamba mengi yalitokana na vifaa vyenyewe kuharibika. Kwa maneno mengine, kadi ya kumbukumbu (RAM) iliyokosea jana ndiyo ya kutiliwa shaka leo, iwe Moshi au Mwanza.

Kinga ya kwanza ni ya kifaa. RAM za seva huwa na angalau biti 8 za ulinzi kwa kila biti 64 za data, kwa hesabu zilizotokana na kazi ya mwanahisabati Richard Hamming ya mwaka 1950. Biti moja ikigeuka, husahihishwa palepale. Zikigeuka mbili, kifaa hutambua kuna kosa lakini hakiwezi kulirekebisha. Hapo prosesa huiamsha kerneli, kiini cha mfumo endeshi kinachogawa kumbukumbu kwa programu zote, na uamuzi unabaki kwake.

Zamani uamuzi ulikuwa mmoja: zima mashine nzima. Ulikuwa salama, lakini wa gharama kubwa mno. Wakulima wa Marangu na Kibosho wanaijua njia bora. Mfongo, yaani mfereji wa umwagiliaji, ukipasuka kwenye tawi moja, huzibwa tawi hilo, na maji yanaendelea kwenda kwenye migomba ya wengine. Mlango wa mtoni hufungwa tu pale mfereji mkuu wenyewe unapobomoka.

Kerneli ya Linux ilianza kufanya hivyo katika toleo la 2.6.32, Desemba 2009, kwa kazi iliyoongozwa na Andi Kleen. Kumbukumbu hugawanywa kwa kurasa, kwa kawaida za baiti 4,096. Ukurasa ukiharibika, kerneli huutia alama ya sumu ili asipewe mtu tena, kisha huuliza: ulikuwa wa nani? Ukiwa nakala tu ya faili lililo salama kwenye diski, hutupwa na faili husomwa upya, na mtumiaji hajui lolote. Ukiwa na data ya programu isiyo na nakala popote, programu hiyo hupewa taarifa pamoja na anwani ya ukurasa. Hifadhidata iliyoandikwa vizuri inaweza kujenga upya kipande kilichopotea; programu isiyojiandaa husimamishwa, nyingine zikiendelea. Ukiwa ukurasa wa kerneli yenyewe, mara nyingi hakuna la kufanya ila kusimamisha mashine.

Kuna kazi moja zaidi, na pengine ndiyo yenye faida kuliko zote. Ukurasa unaorekebishwa mara kwa mara bado unafanya kazi, lakini unaonyesha uchovu. Kerneli inaweza kuhamisha yaliyomo kabla hayajapotea, na kuuweka ukurasa kando.

Jambo lisiloruhusiwa ni kimya. Kerneli inayomkabidhi daktari namba mbovu kana kwamba ni nzima imefanya vibaya kuliko ile iliyozima mashine katikati ya kazi, kwa sababu mashine iliyozimika inaonekana na namba mbovu haionekani. Kompyuta nyingi za bei nafuu madukani hazina biti hizo za ulinzi. Hospitali, ushirika wa kahawa au SACCOS inayonunua seva inapaswa kudai ulinzi huo kwa maandishi kwenye zabuni.

Fundi naye asome rekodi za makosa kila wiki. Alama ya sumu hukaa kwenye RAM tu. Umeme ukikatika na mashine kuwaka upya, kwa kawaida kerneli huwa imesahau, na ukurasa uleule unarudishwa kazini. Kadi inayotajwa tena na tena itolewe, iwekwe nyingine.