Kujenga mjini au pembezoni: mambo ya kuchunguza kabla ya kulipia kiwanja

Kila mwaka, msimu wa ununuzi wa pamba unapokamilika na wakulima kupokea malipo yao, mazungumzo kuhusu viwanja huongezeka katika vijiji vya wilaya yetu. Huongezeka pia machimbo ya Mwakitolyo yanapotoa dhahabu ya kuridhisha. Swali huwa lile lile: je, familia ijenge Shinyanga mjini, katika kata kama Ngokolo, Ndala au Kitangili, au inunue eneo kubwa kwa bei nafuu huku pembezoni, Samuye, Usanda, Didia au Tinde? Wenye shughuli Kahama na Geita huulizana hivyo hivyo kuhusu Kakola na Katoro.

Wengi hujibu kwa kulinganisha bei na umbali wa nauli. Hayo ni ya msingi, lakini si yanayozifanya nyumba nyingi kubomolewa, kupasuka au kukosa fidia. Mambo matatu yana uzito zaidi, nayo hayaonekani kwa macho siku ya kuoneshwa kiwanja: hadhi ya ardhi kisheria, leseni ya madini iliyopo juu ya eneo hilo, na aina ya udongo.

Tuanze na sheria. Kiwanja kilichopimwa mjini hutolewa hatimiliki ya muda maalumu, yaani miaka 33, 66 au 99. Mmiliki hulipa kodi ya ardhi kila mwaka, huomba kibali cha ujenzi kabla ya kuanza, na kwa kawaida hutakiwa kukamilisha ujenzi ndani ya miezi 36. Masharti haya huwachosha wananchi wengi, hasa anayejenga polepole, chumba baada ya chumba. Hata hivyo, ndiyo yanayomwezesha kwenda benki na hati yake, au kusimama mbele ya baraza na ushahidi usiotiliwa shaka.

Pembezoni hali ni tofauti, kwa kuwa sehemu kubwa ya ardhi huko ni ardhi ya kijiji, inayosimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Hapa ndipo dhana potofu huwa nyingi. Karatasi ya mauziano yenye mhuri na majina ya mashahidi huonesha kwamba fedha zilitolewa. Haioneshi kwamba haki ya ardhi imehamishwa. Mtu asiye mkazi wa kijiji anayetaka kuhamishiwa haki hiyo anahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Haitoshi mtendaji kukubali peke yake, wala mwenyekiti wa kitongoji kushuhudia. Idhini hiyo hutolewa katika kikao na kuandikwa katika muhtasari, na mnunuzi ana kila sababu ya kuomba nakala yake. Baada ya hapo ndipo mazungumzo ya hatimiliki ya kimila yanapokuwa na maana.

Muuzaji naye achunguzwe. Ikiwa shamba lilikuwa la mzee aliyefariki, mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si kaka mkubwa kwa sababu tu ni mkubwa. Ikiwa juu ya eneo kuna nyumba ya ndoa, mwenza lazima aridhie. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inalitaka hilo. Na katika vijiji vyetu vya Usukumani kuna jambo jingine ambalo mgeni hulipita bila kuliona: uwanda ulio wazi, wenye nyasi na miti michache, unaweza kuwa ngitili, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya malisho ya kiangazi. Ngitili nyingine ni za familia, nyingine ni za kijiji kizima. Anayeuziwa kipande cha ngitili ya kijiji amenunua ugomvi na wafugaji wote.

Suala la madini linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ukanda wetu wote, kutoka Shinyanga hadi Geita, umelala juu ya miamba yenye dhahabu. Kwa mujibu wa Sheria ya Madini, Sura ya 123, madini yaliyo ardhini ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Hatimiliki ya kiwanja, iwe ya mjini au ya kimila, haimpi mmiliki haki ya madini. Hivyo inawezekana kabisa eneo unalooneshwa leo likawa tayari ndani ya leseni ya mtu mwingine. Leseni ndogo ya uchimbaji pekee hudumu miaka 7 na huweza kuhuishwa. Sheria inamtaka mwenye leseni apate ridhaa ya mmiliki halali wa makazi kabla ya kuchimba karibu na nyumba yake, na alipe fidia. Msomaji azingatie maneno hayo, mmiliki halali. Aliyenunua bila idhini ya kijiji hujikuta akitakiwa kwanza kuthibitisha kwamba ana haki ya kudai.

Kuwa mjini si kinga. Geita, ambako mgodi mkubwa ulianza uzalishaji mwaka 2000, leseni ya mgodi imepakana na makazi ya mji, na wakazi wa mitaa kama Nyamalembo na Katoma wamekuwa na madai ya fidia ya muda mrefu. Wapo pia wanaojenga kwa makusudi mahali panapotarajiwa kuchukuliwa na mgodi, wakingojea kulipwa. Kule Nyamongo, wilayani Tarime, nyumba hizo zilipewa jina la tegesha. Kuta zinazoinuliwa baada ya uthamini kufanyika na maendelezo kuzuiwa hazina mlipaji. Na anayejenga vyumba vya kupangisha wafanyakazi wa mgodi akumbuke Buzwagi, jirani na Kahama: mgodi ulioanza uzalishaji mwaka 2009 umekwisha kufungwa, ilhali nyumba ya tofali hujengwa ili irithiwe na wajukuu.

Kwa wachimbaji wadogo hatari huwa ardhini kwenyewe. Mahali palipokuwa na duara la zamani huweza kutitia hata baada ya kufukiwa, na mahali palipokuwa na mwalo au karasha huweza kuwa na mabaki ya zebaki katika udongo na marudio. Kiwanja cha namna hiyo hakifai kuchimbiwa kisima, hata kikitolewa bure.

Kuhusu udongo, wazee wetu wanajua zaidi ya madalali. Luseni, udongo wa kichanga wa miinuko, hupitisha maji na hubeba msingi vizuri. Itogolo ina tabaka gumu chini, maji husimama juu yake. Mbuga, ule mfinyanzi mweusi wa mabondeni, huvimba unapolowa na kusinyaa unapokauka. Kila mwaka huinua na kushusha msingi, na nyufa hufuata juu ya madirisha na milango. Kujenga juu ya mbuga kunawezekana, lakini mfinyanzi hutakiwa kuondolewa, kifusi cha moramu kushindiliwa, na msingi kufungwa kwa zege na nondo. Gharama hiyo huweza kumeza nafuu yote ya bei. Tatizo ni kwamba viwanja vingi huuzwa kiangazi, fedha za pamba zinapokuwepo, wakati mbuga ni kavu na ngumu kama barabara. Afadhali kurudi kukiangalia kiwanja mvua zikiwa zimekolea, au angalau kuchimba shimo la kina cha mita moja na nusu na kumwonesha fundi mzoefu kilichotoka.

Huduma nyingine ni rahisi kuzichunguza. Maji ya Ziwa Victoria yanayosafishwa Ihelele, wilayani Misungwi, hufika Shinyanga na Kahama kwa bomba la KASHWASA, na vijiji kadhaa vilivyo karibu na bomba hilo vimeunganishwa. Mjini anayeulizwa ni SHUWASA, vijijini ni RUWASA. Kuona bomba kuu likipita si sawa na kuwa na bomba uani. Kwa umeme, pima umbali hadi nguzo iliyo karibu: aliye ndani ya mita 30 hulipa ada ndogo kuliko anayehitaji kuongezewa nguzo.

Kwa mnunuzi aliyekwisha kuchagua eneo, mpangilio unaofaa ni huu. Aanze kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa kuulizia mmiliki na migogoro iliyopo. Kisha afike idara ya ardhi ya halmashauri husika kuangalia kama eneo limepangwa kuwa barabara, shule au makaburi. Baada ya hapo aende kwa afisa madini mkazi. Ofisi zipo Shinyanga, Kahama na Geita, na mwenye vipimo vya eneo lake huweza kuoneshwa leseni zilizopo. Fedha zifuate baada ya kikao cha halmashauri ya kijiji kuketi na muhtasari kusainiwa. Muuzaji akidai kwamba kuna mnunuzi mwingine anayekuja jioni na fedha taslimu, huyo mwingine aachiwe.