Kuchagua Trekta Ifaayo Shamba Dogo

Katika Ndabibi, upande wa magharibi wa Ziwa Naivasha, wako wakulima wengi wenye ekari chache tu. Mkulima wa namna hiyo apatapo mkopo, huvutwa upesi na trekta kubwa. Yafaa ahesabu kwanza, kwa maana awekaye hati ya shamba rehani aweza kuipoteza ardhi yake kwa sababu ya mashine aliyoinunua ili ailime ardhi hiyo hiyo.

Jambo la kwanza ni kazi iliyopo. Trekta ya nguvu za farasi 50, yenye plau ya sahani tatu, yaweza kulima ekari 5 na zaidi kwa siku moja. Basi mwenye ekari 5 atamaliza kulima kwa siku moja, lakini deni atalilipa mwaka mzima. Huyo ni heri akodi, au anunue pamoja na majirani, nao waandike mapema ni nani atakayelimiwa kwanza, na ni nani atakayelipia spea.

Jambo la pili ni mahali penyewe. Ziwa Naivasha liko kama mita 1,890 juu ya bahari, na huko juu hewa ni nyepesi. Injini ya dizeli isiyo na taabo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300. Kwa hiyo, trekta ya nguvu 50 hubaki na kama 40. Tena udongo wa huko una majivu ya volkeno: ni mwepesi kulimika, lakini vumbi lake ni adui wa injini. Chujio la hewa lisafishwe kila siku ya kazi, na mteremko ulimwe kwa kuukingama, ili mvua isiuchukue udongo.

Ukubwa peke yake si nguvu. Trekta ndogo ya Harry Ferguson, TE20, iliyoanza kuundwa Coventry, Uingereza, mwaka 1946, ilishikana na plau kwa mikono mitatu, hata uzito wa kazi ukayakandamiza magurudumu ya nyuma yasiteleze. Kinyume chake, mwaka 1947 matrekta makubwa yaliyokwisha kutumika yalipelekwa Kongwa, Tanganyika, kwa mpango wa karanga. Ardhi ngumu na upungufu wa spea na mafundi viliyashinda mengi, na mwaka 1951 mpango huo ukaachwa.

Kwa hiyo anunuaye trekta kuukuu aende pamoja na fundi, naye aione ikiwashwa injini ingali baridi. Moshi wa buluu waonyesha ya kuwa injini inakula oili; na oili iliyo nyeupe kama maziwa imeingiliwa na maji. Mwisho, kabla ya kulipa, aulize madukani Naivasha na Nakuru kama spea za trekta hiyo hupatikana. Zisipopatikana, aiache, hata ikiwa bei yake ni rahisi.