Mkojo Ukichoma, Usikimbilie Sipro

Jioni, kwenye kaunta ya duka la dawa Mwananyamala, Dar es Salaam, ombi ni lile lile: "Nipatie sipro, UTI imerudi." Leo anaomba binti wa chuo, kesho mzee wa miaka 60. Wote hawajapima mkojo, na wote wanaondoka na antibiotiki hiyo moja. Maambukizi hayo ya njia ya mkojo yakirudi mara ya tatu, mtaani yanapewa jina: UTI sugu.

Huenda walio sugu ni bakteria waliozoea dawa za kubahatisha. Kinachowaumbua ni kuotesha mkojo. Unapewa kopo safi. Mkojo wa mwanzo unauacha uende, wa katikati ndio unaoukinga. Maabara huuotesha siku mbili hadi tatu, kisha bakteria walioota hujaribiwa dawa mbalimbali mpaka ijulikane ipi inawaua. Binti huugua zaidi kwa sababu kwake bakteria wana safari fupi: njia ya mkojo ya mwanamke ina sentimita 4 hivi. Ya mwanamume inakaribia 20.

Ndiyo maana "UTI" ya mzee itiliwe shaka. Anaamka mara nne usiku, anasimama chooni akisubiri, na mkojo wenyewe unadondoka tu. Hapo mtuhumiwa ni tezi dume, inayoizunguka njia ya mkojo; ikikua, inaibana. Kukua si lazima iwe saratani, ila saratani nayo yaweza kukaa kimya miaka. Kile kipimo cha tezi cha kidole kinachotaniwa vijiweni hakimalizi dakika, na cha PSA ni damu kidogo tu. Ukifika miaka 50, zungumza na daktari. Kama baba au kaka aliugua, anza 45.

Mtoto anayekojoa damu baada ya kuogelea madimbwini huenda ana kichocho. Dawa yake ni praziquantel. Sipro haimuui mnyoo anayekisababisha. Na mama anayevuja mkojo tangu uzazi mgumu asifichwe chumbani: huenda ni fistula, nayo inatibika, na hospitali ya CCBRT pale Msasani wanaitibu.

Anzia kituo cha afya au Hospitali ya Mwananyamala. Omba rufaa kwa daktari bingwa wa njia ya mkojo maambukizi yakijirudia, ubavu ukikukata kwa vipindi, au ukiona damu, hata mara moja, hata bila maumivu. Lakini mkojo ukiziba kabisa, au homa ikija na maumivu ya ubavu, usingoje kukuche. Nenda hospitali usiku huo huo.