MAONI YETU: MKIMBIAJI NA BENDERA



Mwaka 2003 kijana wa Kenya, Stephen Cherono, alichukua uraia wa Qatar na jina jipya: Saif Saaeed Shaheen. Habari za wakati ule zilieleza kwamba aliahidiwa malipo ya kila mwezi maisha yake yote. Agosti hiyo, mjini Paris, alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za meta 3,000 za kuruka viunzi na maji, akimshinda Mkenya Ezekiel Kemboi. Nduguye, Abraham, alikimbia humo humo kwa jezi ya Kenya.

Lakini kanuni ya Olimpiki ilimtaka aliyebadili uraia angoje miaka mitatu, ila nchi yake ya awali iridhie. Kenya haikuridhia. Hivyo mwaka 2004 bingwa hakukimbia Athens, na Wakenya wakazoa medali zote tatu. Siku 10 baadaye, Brussels, aliweka rekodi ya dunia: dakika 7, sekunde 53.63. Rekodi ilidumu hadi 2023. Medali ya Olimpiki hakuipata kamwe.

Tusimlaumu yeye peke yake. Nguvu za mkimbiaji ni za miaka michache, na njaa haina bendera. Hapa Uganda, John Akii-Bua, bingwa wa viunzi Munich 1972, alikuwa polisi. Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni London 2012 alikuwa askari magereza. Joshua Cheptegei, bingwa wa Tokyo na Paris, naye aliingia polisi. Kikosi kinachomlisha mwanariadha na kumpa cheo huilinda bendera ya taifa, hata pasipo vita.