Osha, Kisha Takasa: Usanifu wa Kitakasa Chupa cha Mvuke na Nafasi ya Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kinga ni bora kuliko tiba. Kauli hii huthibitika zaidi pale anayekingwa anapokuwa mtoto mchanga ambaye hawezi kujisemea. Makala haya yananuia kueleza namna kitakasa chupa cha mvuke, yaani chombo kinachotiwa ndani ya maikrowevu ili kuua viini katika chupa za watoto, kinavyosanifiwa na kinavyofanya kazi. Aidha, makala yanadai kwamba usanifu wa chombo kama hiki haukamiliki kabla maelezo ya matumizi yake hayajaandikwa kwa lugha anayoielewa mtumiaji. Mfano unaotumiwa ni Kanduyi, katika kaunti ya Bungoma, kwa kuwa mazingira ya huko yanadhihirisha mambo ambayo mtengenezaji aliye mbali huenda asiyafikirie.

Kanduyi ni njia panda ambapo barabara kuu ya kutoka Eldoret kwenda Malaba hukutana na ile inayoingia mjini Bungoma. Hapo wamo akina mama wauzaji, walimu, wauguzi na makarani. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3. Kwa upande mwingine, Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Kati ya miezi hiyo 3 na ile 6 pana pengo. Ingawa Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea, akina mama wengi hulazimika kukamua maziwa na kumwachia yaya nyumbani. Katika pengo hilo ndimo chupa inamoingia, na pamoja na chupa huingia hatari ya kuhara.

Ni vyema ifahamike mapema kwamba makala haya hayaipigii chupa debe. Wataalamu wa afya hupendekeza kikombe kisicho na mdomo wa kunyonyea kwa sababu ni rahisi kukiosha. Hata hivyo, maadamu chupa zimo majumbani, ni bora zitumiwe kwa usalama.

Kuosha na kutakasa: vitendo viwili

Kitenzi "safisha" hubeba mzigo mkubwa katika Kiswahili cha kila siku. Husemwa safisha nyumba, safisha kidonda, safisha chupa. Katika shughuli inayojadiliwa hapa, hata hivyo, pana vitendo viwili vilivyo tofauti. Cha kwanza ni kuondoa mabaki ya maziwa kwa maji, sabuni na brashi. Cha pili ni kuua viini ambavyo jicho halivioni. Kitendo cha pili hakifaulu iwapo cha kwanza hakikutendwa, kwa sababu mafuta na protini za maziwa zilizogandamana katika kona za chupa na ndani ya chuchu huvihifadhi viini dhidi ya joto. Maelezo yanayosema tu "safisha chupa kwa chombo hiki" yanaweza kumfanya msomaji aamini kuwa chombo kinaosha. Atatia chupa yenye utando wa maziwa, atabonyeza kitufe, na ataitoa akidhani iko salama.

Je, kitendo cha pili kiitweje? Istilahi "kutasisha" imeundwa kutokana na "tasa", neno ambalo kwa wasemaji wengi humhusu asiyezaa. Kulitumia karibu na chombo cha mtoto kunaweza kuzua maswali yasiyotarajiwa. Isitoshe, pana sababu ya kisayansi ya kulikwepa. Utasishaji kamili, kama ule wa vifaa vya upasuaji hospitalini, huhitaji mvuke wenye shinikizo katika nyuzijoto 121 kwa takriban dakika 15, ili hata mbegu sugu za bakteria zife. Mashine ya namna hiyo iliundwa na Charles Chamberland nchini Ufaransa mwaka 1879. Chombo cha nyumbani hakifikii kiwango hicho. Kinaua bakteria wa kawaida wanaosababisha kuhara, lakini mbegu sugu zinaweza kubakia.

Neno "kutakasa" linafaa zaidi. Wapo watakaopinga kwa hoja kwamba lina harufu ya kidini, kwa kuwa lina uhusiano wa karibu na "takatifu". Lakini tukio la mwaka 2020 limekwisha kulijibu pingamizi hilo. Wakati wa janga la korona, istilahi "kitakasa mikono" ilienea katika redio, mabango na milango ya maduka, wala hakuna aliyedhani kuwa mikono inapewa baraka. Kwa mlinganisho huo, "kitakasa chupa" ni istilahi ambayo umma umekwisha kuandaliwa kuipokea.

Mvuke ndio unaofanya kazi

Tanuri la maikrowevu lilitokana na utafiti wa rada. Mwaka 1945 Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon nchini Marekani, alitambua kuwa mawimbi yanayotumiwa katika rada yanaweza kupasha chakula joto, na tanuri la kwanza likauzwa mwaka 1947. Mawimbi hayo ni ya sumakuumeme na urefu wake ni takriban sentimita 12. Hutikisa molekuli za maji, na mtikisiko huo hugeuka kuwa joto.

Hapa pana jambo linalowapotosha wengi. Watu hudhani kuwa mawimbi yenyewe ndiyo yanayoua viini, hivyo huiweka chupa tupu na kavu ndani ya maikrowevu. Plastiki ya chupa na hewa iliyomo hazifyonzi mawimbi hayo kwa kiasi cha maana, kwa hiyo chupa haipati joto la kutosha na viini husalia. Zaidi ya hayo, mawimbi hayasambai sawasawa: mahali pengine huwa pa moto na pengine baridi. Ndiyo maana sahani ya ndani huzunguka.

Msanifu hutatua matatizo yote mawili kwa kutumia maji. Mawimbi huyachemsha maji yaliyo chini ya chombo, na mvuke hupanda na kujaza kila upenyo. Unapogusa chupa iliyo baridi, mvuke hugeuka tena kuwa maji na kuiachia chupa joto fiche, yaani joto ambalo maji yalilimeza yalipokuwa yakigeuka mvuke. Gramu moja ya mvuke huachilia takriban juli 2,260, ilhali gramu moja ya maji inayopoa kwa nyuzi moja hutoa juli 4.2 tu. Kwa sababu hiyo mvuke huipasha chupa joto haraka, na huifikia hata pale ambapo mawimbi ni hafifu.

Sehemu za chombo na sababu zake

Chombo kina sehemu tatu kuu: beseni la maji, kichanja chenye matundu na kifuniko kirefu chenye vibanio. Kila sehemu ina sababu ya kuwa ilivyo.

Malighafi inayotumiwa sana ni plastiki iitwayo polipropilini. Mawimbi huipenya bila kuipasha joto, na huyeyuka katika takriban nyuzijoto 160, kiwango ambacho mvuke wa kawaida hauwezi kukifikia. Chuma hakitumiki kabisa, kwani huyarudisha mawimbi na kinaweza kutoa cheche.

Kichanja huziinua chupa zisizame majini. Hupangwa midomo ikiwa chini ili mvuke uingie kwa urahisi na matone yadondoke. Chuchu na vifuniko hutenganishwa na chupa, kwa sababu chupa iliyofungwa haingiliki.

Kifuniko sharti kiwe na matundu madogo ya kutolea mvuke. Kikizibwa kabisa, shinikizo litapanda na chombo kinaweza kufyatuka. Matundu yakizidi ukubwa, mvuke utatoroka kabla ya kuzipasha chupa. Vibanio navyo huzuia kifuniko kisivuke mahali pake wakati mama anapokibeba chombo kingali moto.

Kiasi cha maji nacho kina hesabu yake. Tuseme maji ni mililita 200 yenye nyuzijoto 22, na tanuri linayapa nguvu ya wati 700. Kuyafikisha kwenye mchemko kutahitaji takriban juli 61,000, yaani kama dakika moja na nusu. Tanuri likiendelea hadi dakika ya 6, takriban gramu 83 za maji zitageuka mvuke, na zaidi ya nusu ya maji itabaki katika beseni. Mtu akitia mililita 60 tu, kwa kukadiria maji yatakauka kabla ya dakika ya 4. Mvuke utakatika na tanuri litaendelea kuwaka bila kitu cha kufyonza mawimbi, hali inayoweza kuliharibu. Hivyo basi, alama ya kipimo cha maji ndani ya beseni ni sehemu ya usalama wa chombo.

Kanduyi iko juu

Vitabu vya shule hufundisha kuwa maji huchemka katika nyuzijoto 100. Hilo ni kweli katika usawa wa bahari, mathalani Mombasa. Kadiri mtu anavyopanda, kanieneo ya hewa hupungua na maji huchemka mapema. Kiwango cha mchemko hushuka kwa takriban nyuzi moja katika kila mita 300. Eneo la Bungoma na Kanduyi liko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka karibu na nyuzijoto 95. Kitale, iliyo takriban mita 1,900, maji huchemka karibu na nyuzijoto 94. Kwa kuwa chombo hiki hakifungi mvuke kwa shinikizo, joto lake haliwezi kupita kiwango hicho.

Je, nyuzi hizo zinatosha? Bakteria wengi wa kuhara hufa kwa haraka katika joto linalozidi nyuzi 70, kwa hiyo bado pana nafasi ya kutosha. Lakini nafasi hiyo hutegemea muda kamili. Mwenye kupunguza dakika kwa haraka ya kwenda kazini anapunguza ulinzi ambao mwinuko umekwisha kuupunguza kidogo.

Jambo jingine ni stima. Ikipotea katika dakika ya 3 na kurudi baada ya nusu saa, mtumiaji hapaswi kuongeza dakika zilizosalia. Chupa zimekwisha poa. Ni lazima maji yapimwe upya na muda uhesabiwe tangu mwanzo. Hili halitajwi na msanifu anayeishi mahali ambapo umeme haukatiki.

Kwa nyumba zisizo na maikrowevu, ambazo ndizo nyingi, sufuria yenye kifuniko hutenda kazi ile ile. Chupa zilizooshwa huzamishwa zote majini bila kubakisha hewa ndani, na maji huachwa yachemke kwa dakika 5 au zaidi.

Maelezo ya matumizi

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili katika kifungu cha 7 kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike nayo kikamilifu. Yaya wa Kanduyi anaweza kuwa msemaji wa Lubukusu au Kiteso, na Kiswahili ndicho kinachomkutanisha na mwajiri wake. Maelezo ya Kiingereza pekee yanamfikia mwajiri aliyetoka kwenda kazini, huku chombo kikiwa mikononi mwa yaya. Maelezo yanayopendekezwa ni haya:

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Osha chupa, chuchu na vifuniko kwa maji, sabuni na brashi hadi mabaki yote ya maziwa yatoke. Suuza.
3. Tia maji hadi kwenye alama ya mililita 200.
4. Panga chupa midomo ikiwa chini. Usizifunge. Usitie kitu chochote cha chuma.
5. Funika, bana, kisha weka muda ulioandikwa kwa nguvu ya tanuri lako. Stima ikipotea, anza upya.
6. Ngoja dakika 5 kabla ya kufungua. Fungua upande usioelekea usoni, kwani mvuke huunguza.

Tazama kwamba hatua ya 2 hutumia "osha" na haitumii "safisha". Kila hatua inaanza na kitenzi cha kuamuru, na kila kiasi kinatajwa kwa tarakimu. Neno "kidogo" au "kwa muda" halimo, kwa sababu kidogo cha mmoja ni kingi cha mwingine.

Linastahili kuongezwa onyo moja. Chupa iliyotakaswa haiyatakasi maziwa yanayotiwa ndani yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo wa mwaka 2007 unaeleza kuwa maziwa ya unga ya watoto wachanga si tasa, hivyo yanapaswa kukorogwa kwa maji yasiyopungua nyuzijoto 70, kisha yapozwe kabla ya mtoto kunyweshwa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa kitakasa chupa hutegemea maji, mvuke na muda, na kwamba mwinuko wa Kanduyi na kukatika kwa stima huathiri matumizi yake. Imebainika vilevile kuwa tofauti ya "osha" na "takasa" inaweza kumwepusha mtoto na maradhi. Wenyeji wa nyanda za Mlima Elgon na Bonde la Ufa wamekuwa wakiosha vibuyu vya maziwa na kuvisugua ndani kwa kijinga cha moto. Nao walijua kwamba maji pekee hayatoshi. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana wajibu wa kushirikiana na wahandisi na wauguzi tangu chombo kinapochorwa, badala ya kungoja waitwe kutafsiri karatasi iliyokwisha kuchapwa. Yaya anayeisoma karatasi hiyo jikoni hana mtu wa kumuuliza.