Je, Wajua Kinachotambaa Ndani ya Mapafu ya Mchimbaji?

Inaniudhi kusikia kwamba seli nyeupe hukaa kwenye damu. Kazi yake kubwa iko nje ya mishipa, na huko hakuna mkondo wa kuzibeba: hutambaa zenyewe.

Tishu ikiumia, ukuta wa mshipa wa damu hutoa vinasio. Seli inayopita hunaswa, huviringika ukutani, husimama, kisha hujipenyeza hadi nje. Huko hukuta nyuzi zilizosongamana, na hupita humo ikifuata kemikali zinazotoka kwenye jeraha.

Ajabu ni namna inavyochagua njia. Kiini cha seli ndicho kikubwa na kigumu kuliko vyote vilivyomo ndani yake. Kikikwama, seli nzima imekwama. Utafiti uliofanyika Austria na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba seli hizi hukitanguliza kiini mbele. Zikifika penye matundu kadhaa, hunyoosha vidole kwenye kila tundu, kiini kikapima upana, kisha zikafuata tundu pana na kuvirudisha vidole vingine.

Mapafuni zimo seli nyeupe ziitwazo makrofaji, zinazotambaa kutoka kifuko kimoja cha hewa hadi kingine zikimeza vumbi na vijidudu. Hapo nawafikiria vijana wa Tanzania wanaotoka Samuye kwenda kuchimba dhahabu Mwakitolyo, Nyarugusu na Rwamgasa. Jiwe la dhahabu likisagwa kavu kwenye mashine ya karasha hutoa vumbi la silika. Makrofaji huimeza, isiweze kuiyeyusha. Silika hupasua kifuko cha kumeng'enyea kilichomo ndani ya seli, seli ikafa, na chembe ile ile ikamwagika na kumezwa na nyingine. Miaka ikipita hivyo, pafu hujaa makovu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Hauponi, na humfungulia mtu mlango wa kifua kikuu, maana makrofaji hizo ndizo zilizopaswa kukizuia.

Zebaki ya kukamatia dhahabu tunaipigia kelele, na ni haki. Vumbi tunalipangusa tu usoni. Kitambaa puani hakizuii chembe laini. Mwenye karasha anayepata maji ya kuoshea dhahabu hana sababu ya kukosa ya kulowesha jiwe, wakati akina mama wanagonga mawe hapo hapo na watoto mgongoni.

Kuzijua safari hizi kumeleta dawa zinazozuia seli kutoka mshipani kwa wagonjwa wa neva na wa utumbo, na kumesaidia tiba za saratani na uelewa wa chanjo. Hakuna hata moja inayoitoa silika pafuni, kwa hiyo ilowe kabla haijapaa.